Hati Itaandikwa Jina la Nani?

Klabu ya mpira ya mtaa inataka kukijenga upya kiwanja chetu; tuliitwa kiwanjani kuonyeshwa, tukaenda. Hema la harusi, viti vya kukodi, spika mbili zinazokwaruza, na bango refu kuliko goli. Kwenye bango kuna uwanja wa nyasi za kutandikwa, jukwaa lenye paa, bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi, hosteli ya ghorofa mbili na safu ya maduka yanayotazama barabara. Nililitazama sana nikitafuta ile njia ya miguu inayokata kona ya kiwanja, wanayopita watoto wa madrasa na akina mama wanaokwenda sokoni. Haipo. Mwarobaini nao haupo. Watoto ndani ya bwawa wapo, wamenona, wanacheka, na hakuna hata mmoja anayefanana na mtoto wa Maweni au Muyeye, mitaa yetu hapa Malindi.

Mzee mmoja akainua mkono akauliza swali moja tu: hati ya kiwanja itaandikwa jina la nani? Mwenye kipaza sauti akacheka. "Mzee wangu, tusiingize siasa hapa. Haya ni maendeleo ya vijana." Makofi. Soda zikagawiwa.

Klabu ninayoisema mwaijua. Jina nalihifadhi kwa ajili ya amani ya ukoo, maana binamu yangu ni beki pale, na Idi bado nataka kula pilau kwao.

Nianze na haki yao, kwa sababu wanayo, hata kama inaniuma kuisema. Kiwanja kile ni kibovu. Masika ikiingia, goli la upande wa bahari hugeuka dimbwi. Milingoti ni boriti za mikoko zilizopinda, na nyavu ni zile kuukuu walizokwisha kuzitupa wavuvi wa Shella. Wasichana wakitaka kubadilisha jezi, wenzao wanne hushika leso mbili wakazungusha, naye mwenzao akachutama katikati huku vijana wakipiga miluzi. Hilo ni jambo la aibu, na aibu ni yetu sote. Tena kila kijana anayekimbia mpira saa kumi na moja jioni ni kijana ambaye saa hiyo hayuko maskani akivuta unga, na Malindi hii hakuna asiyejua nasema nini. Sawa. Nimekubali. Uwanja unahitajika.

Lakini swali la mzee halikujibiwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, haikuficha kitu: ardhi ya umma ya namna hii hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na msimamizi wake ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Kwa niaba ya wakazi, yaani mimi, wewe, na yule mama wa viazi karai. Hapakuandikwa klabu, wala mfadhili wa klabu, wala mwenyekiti ambaye kila uchaguzi ukikaribia humwona na fulana ya rangi mpya. Klabu husajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Ina katiba yake na viongozi wake, na viongozi wa mpira wa nchi hii tunawajua: leo wamekumbatiana, kesho wako mahakamani, kila mmoja na mhuri wake. Klabu hugawanyika. Klabu huuza nafasi yake ya ligi, ikaamka na jina jipya katika mji mwingine. Sasa mtu wa namna hiyo umwandikie kiwanja cha mtaa mzima?

Na msinijibu kwamba nia ni njema. Nia njema sina shida nayo, tuzungumze pesa. Jukwaa lenye paa halijengwi kwa harambee ya mia mia. Litajengwa kwa mkopo. Benki itataka dhamana, na klabu haina cha kuweka rehani zaidi ya hati hiyo hiyo. Siku mapato ya bwawa yakikosa kutimiza marejesho, na yatakosa, maana ni nani Muyeye atakayelipa kila wiki kuogelea ilhali bahari iko pale, dalali atatundika tangazo kwenye geti. Atakayenunua atanunua kihalali kabisa. Atakuwa na karatasi, na sisi tutakuwa na kumbukumbu za mechi. Timu hushuka daraja ikapanda tena. Kiwanja kikishauzwa hakipandi.

Ndiyo maana watu wa Pwani tukisikia neno hati tunakaa mkao wa kusimama. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi hapa Pwani, ikasema kila mwenye dai aje alithibitishe. Waliojua njia ya ofisini walikwenda. Waliokuwa shambani wakipalilia mihogo yao hawakujua hata kwamba wanaulizwa. Wajukuu wa hao waliobaki shambani hadi leo wanaitwa maskwota juu ya ardhi yenye makaburi ya babu zao. Halafu mtu wa makamo, tena mzaliwa wa hapa hapa, anasimama mbele ya hema na kutuambia kwamba kuulizia hati ni siasa! Kama hiyo ni siasa, basi ndiyo siasa pekee iliyowahi kutuhusu.

Angalia na ufuo. Hakuna siku tuliyouza bahari. Walijenga ukuta huku, hoteli kule, jumba la mtu katikati, kila mmoja na hati yake safi, mpaka njia tulizokuwa tukishukia na ndoo za samaki zikawa vichochoro vyenye mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Kila mradi peke yake ulikuwa maendeleo.

Nimeambiwa kuna mfadhili Mwitaliano nyuma ya bango. Mimi sina ugomvi na Waitaliano, nusu ya mji huu unakula kwao, na wapo waliojenga shule na zahanati bila kupiga kelele. Ila tuna uzoefu wa kutazama vitu vikubwa vikipita. Ngomeni pale kaskazini, Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini tangu 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa moja ikapewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Uhuru ikapaa. Ngomeni ikabaki chini inaangalia juu.

Kuhusu ajira: mlinzi wa geti, mfagiaji, mkata tiketi. Tumesikia. Kuhusu AFCON 2027, ambayo mwenye kipaza sauti aliitaja kila alipoishiwa na maneno: inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, ni kweli, lakini Misri hawaji kupiga kambi kwetu. Kuhusu kelele na maegesho ya tuktuk, hayo watayamaliza wenyewe. Na mnaosema hata hivyo tuanze kujenga, mengine yatajulikana mbele, muulizeni mtu wa Mombasa uwanja wao wa manispaa ulibomolewa lini, na alikaa miaka mingapi akitazama saruji.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu wengi hawakuligusa. Asubuhi ya Idi kiwanja kile hutandikwa mikeka kutoka goli hadi goli, na safu za nyuma hufika chini ya mwarobaini. Nilimuuliza kijana wa kamati itakuwaje kukishakuwa na uzio na nyasi za bandia. Kijana mpole, mwenye adabu, akanijibu: "Usijali ami, mtaandika barua kwa meneja wiki mbili kabla, mtapangiwa." Wiki mbili kabla! Mwezi wenyewe twautafuta usiku ule ule, wengine wameuona Lamu, wengine wanasubiri tangazo la Kadhi Mkuu, nusu ya mtaa unafunga na nusu unakula, na yeye anataka tarehe kwa maandishi.

Mama wa viazi karai, yule mwenye chupa ya ukwaju iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, ameahidiwa kipaumbele kwenye maduka. Kodi ya mwezi hawakumtajia. Nilipomuuliza kama alitaka kujua, alisema aliona haya kuuliza mbele ya wageni.

Ninachotaka hakina ugumu. Klabu ipewe kiwanja kwa kukodishiwa, kwa miaka inayojulikana, na ardhi yenyewe ibaki mikononi mwa kaunti kwa niaba yetu. Iandikwe wazi kwamba haiwekwi rehani kwa shilingi hata moja. Njia ya miguu ibaki. Idi ibaki, bila barua. Alasiri geti liwe wazi kwa watoto wasio na jezi wala ada, kwa sababu binamu yangu na wenzake wote walianzia hapo hapo wakiwa peku. Na jengo la kwanza kusimama liwe chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo, kabla ya bwawa, kabla ya hosteli. Mfadhili akisema bila hati hatoi pesa, basi tutakuwa tumejua alikuja kununua nini.

Wametangaza kikao kingine. Mimi nimeyasoma mara mbili makaratasi waliyogawa. Kuna namba ya simu ya katibu, kuna namba ya kutumia mchango, kuna hata namba ya jezi ya nahodha chini ya picha yake. Namba ya kiwanja kwenye daftari la ardhi haimo, na bila hiyo huwezi kuomba upekuzi ofisi ya ardhi ukajua kama tayari kimeshaandikwa mtu. Mwenye nayo anitumie kabla ya kikao.