Makuba Meusi ya Picha za Kale

Wengi wakiona picha ya Kuba la Mwamba la Jerusalemu iliyopigwa miaka ya 1850, husoma ukiwa na huzuni katika lile kuba jeusi. Kabla ya kuzungumzia ishara, tuzungumze kwanza kuhusu dawa ya picha, yaani kemikali zinazonasa mwanga.

Mpiga picha Mfaransa Auguste Salzmann alipolipiga picha mwaka 1854, kuba lilikuwa limeezekwa kwa madini ya risasi. Mng'aro wa dhahabu tunaoujua ni wa karne ya 20. Na hata lingekuwa la dhahabu, lingeweza kutoka jeusi vilevile, kwa kuwa dawa za wakati ule zilinasa hasa buluu na zambarau. Njano na nyekundu zikawa giza, buluu ikawa nyeupe. Ndiyo maana vigae vya buluu vya kuta zake nane huonekana vimepauka, na anga haina hata wingu. Mkemia Mjerumani Hermann Vogel alianza kutibu kasoro hiyo mwaka 1873 kwa kutia rangi kwenye dawa.

Anga ikitoka na madoa, wapiga picha waliiziba kwa wino kwenye negativi (picha ya kwanza, ambamo penye giza hutoka peupe ikichapwa), wakifuata ukingo wa kuba kwa brashi. Ukikagua kwa kioo cha kukuzia, huenda ukakuta mwezi wa kileleni umenenepa au umekatika.

Linaloniuma zaidi ni nyua tupu. Negativi ya karatasi ilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, hivyo waumini waliotembea hawakunaswa. Kuba ni mbingu iliyoinamia jamaa wanaosali. Ukiwaondoa watu, ishara yenyewe imepungua nusu.

Hapa Kisumu, Msikiti wa Jamia ni wa mwaka 1919, na filamu nyingi za enzi hizo bado hazikuona nyekundu. Mwenye picha ya zamani ya msikiti huo, au ya hekalu la Wahindi, aiskani kwa nukta 600 kwa inchi na asilipake kuba rangi ya leo kwa kukisia. Awaulize wazee liliezekwa kwa kitu gani.

Anayepiga picha mpya asiinue kamera kutoka barabarani: kuta zitainamiana na kuba litasinyaa. Apande ghorofa ya pili ya jengo la ng'ambo, kamera ikae sawa. Jua la saa sita hapa liko utosini, hufuta mviringo wote. Kabla ya saa tatu asubuhi kivuli hulichonga kuba vizuri. Lakini Ijumaa ningevumilia jua hilo kali, nisubiri watu watoke kuswali, niwaombe ruhusa, ndipo nipige.