Muhtasari wa Kisera Hauna Alama

Nimeisoma barua ya kamati ya upandishaji vyeo ya chuo kikuu chetu mara tatu, na mara zote tatu chai imepoa mbele yangu. Muhtasari wa kisera (andiko fupi la kuwashauri watunga sera) niliouandika kuhusu nishati ya kupikia, ule uliosomwa serikalini na kurudishwa kwangu ukiwa na maswali ya wino mwekundu pembeni, umepata sifuri kwa kuwa "si chapisho la kitaaluma". Makala yangu katika jarida la nje, ambayo nina hakika imesomwa na wahakiki wawili na mke wangu (naye aliishia kwenye ikisiri), imepata alama zote. Hongera kwangu.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Tukihesabu mitungi ya gesi iliyogawiwa tutajidanganya, kwa maana kila aliyewahi kuketi jikoni kwa mama lishe anajua kwamba gesi huchemsha chai na kukaanga mayai, ilhali maharage hubandikwa kwenye mkaa. Na gesi inapokwisha tarehe 20, mkaa hupatikana kwa kopo, wakati mtungi wa kawaida haujazwi kwa kopo. Aliyeyaona hayo nyumba kwa nyumba ndiye anayepaswa kuwepo dodoso linapoandikwa, ili badala ya kuulizwa kama ana mtungi, mama huyo aulizwe jana alipika nini na kwa moto upi. Kulipigania swali hilo moja hula miezi ya vikao, na hakuna aliyewahi kupewa uprofesa kwa ajili yake.

Huko Mexico, Claudia Sheinbaum aliandika tasnifu yake ya shahada ya kwanza ya fizikia kuhusu majiko ya kuni, akaja kuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, na Oktoba 2024 akaapishwa kuwa rais. Sidai kwamba kila mpima majiko aelekee Ikulu. Nauliza tu jiko lake lingepata alama ngapi kwetu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kamati ina hoja: muhtasari haupitiwi na wahakiki, na wapo wanaouandika kwa kumfurahisha anayelipa. Basi upitiwe! Atafutwe msomi mmoja na mtumishi mstaafu mmoja aliyewahi kuandaa bajeti, wauchambue bila huruma. Watunga sera nao waache kutuita Alhamisi wakitaka takwimu za Ijumaa.

Katika yale maswali ya wino mwekundu, moja bado sijalijibu: mkaa wa kopo humgharimu mama lishe kiasi gani kwa mwezi, ukilinganishwa na mtungi wa kilo 6? Kesho alfajiri nakwenda Tandale na mizani.