Fuzi hutangulia chunguni

Makala yenu inasema mwanafunzi wa famasia aliyekwenda Sichuan, China, alifundishwa kuchemsha mitishamba yote pamoja kwa nusu saa. Hapo pameachwa jambo la hatari. Fuzi, mzizi wa mmea wenye sumu uitwao akonite, uliokwisha kusindikwa, gramu 3 hadi 15, huchemshwa kwanza peke yake dakika 30 hadi 60, ndipo dawa nyingine zifuate. Kuchemka huko ndiko kunakovunja akonitini, sumu iliyomo mzizini. Ukiharakisha, midomo na ulimi hufa ganzi, kisha mapigo ya moyo huvurugika. Mnanaa, yaani bohe, huingia dakika 5 za mwisho, la sivyo mafuta yake hupaa na mvuke. Na chungu kiwe cha udongo: chuma huungana na tanini, kemikali iliyomo kwenye mitishamba, dawa ikageuka nyeusi. Mhariri, tafadhali rekebisheni aya hiyo.