“Conversation” si mazungumzo: Kiingereza cha 1611 mdomoni mwa mkalimani

Mhubiri anasoma Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, kutoka Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611. Waume wasioamini, anasoma, wapate kuvutwa: “without the word be won by the conversation of the wives”. Mkalimani aliyesimama ubavuni mwake, Kiingereza chake kizuri tu, anatoa: “kwa mazungumzo ya wake zao”. Mstari umegeuka kichwa chini miguu juu. Petro anasema wavutwe pasipo neno. Mkutano umeambiwa wake wakaongee. Mwaka 1611 “conversation” ilikuwa namna mtu anavyoishi na wenzake, na Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, imeandika waziwazi: “mwenendo wa wake zao”.

Kosa la namna hii ndilo hoja kuu ya wanaotaka Kiingereza hicho kiondolewe katika mafundisho. Wanaokitetea hujibu kwamba maneno ya kale ni machache na kamusi zipo. Jibu hilo linachukulia kwamba msomaji atajua lini afungue kamusi. Akikutana na “besom” katika Isaya 14:23 atasimama, atatafuta, atakuta ni ufagio, basi yamekwisha. Neno geni hujitangaza lenyewe. Linalopotosha ni lile alilolizoea tangu shule ya msingi, sura ni ile ile na maana imehama.

Katika Mwanzo 1:29 Mungu anawapa wanadamu mimea yenye mbegu na matunda ya miti “for meat”. Hapo hakuna nyama. “Meat” ilikuwa chakula chochote, na ni baadaye tu neno lilipobaki na nyama peke yake. “Corn” ya Mathayo 12:1 hutafsiriwa mahindi upesi sana na mtu aliyezoea Kiingereza cha Kimarekani. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na hayakujulikana Mashariki ya Kati kabla ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Kwa Mwingereza wa 1611 “corn” ni nafaka kwa jumla, na Kiswahili kimelenga pale pale: wanafunzi walivunja “masuke”.

“Prevent” inafaa kutazamwa kwa karibu. Wathesalonike wa Kwanza 4:15 inasema walio hai “shall not prevent” waliolala. Neno limetoka katika Kilatini praevenire, kuja mbele. Mwanzo lilikuwa kutangulia tu. Lakini aliyekutangulia anaweza kukuwahi, na aliyekuwahi anaweza kukuzibia njia. Maana ikasogea hivyo hatua kwa hatua hadi ikawa kuzuia. Mkalimani akisema “hatutawazuia” anatoa sentensi yenye maana kamili, na hakuna atakayeshtuka. “Let” ina habari nyingine. Katika Wathesalonike wa Pili 2:7, “he who now letteth” ni yeye azuiaye, wakati “let” ya leo ni kuruhusu. Hapa maana haikuhama: Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, lettan cha kuzuia na lætan cha kuruhusu, vikaja kufanana matamshi, na kimoja kikammeza mwenzake. Kile cha kuzuia kimebaki kwenye pasi za kusafiria za Uingereza na za nchi kadhaa za Jumuiya ya Madola, “without let or hindrance”, na kwenye tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu na kurudiwa.

Hata hivyo watetezi wana hoja moja nzito, na Mswahili anapaswa kuielewa kuliko hata Mwingereza wa leo. Kiingereza cha sasa kina “you” moja kwa mtu mmoja na kwa umati. Biblia ya 1611 inatenganisha: “thou” na “thee” ni wewe, “ye” na “you” ni ninyi. Katika Luka 22:31-32 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka “you”, lakini nimekuombea “thee”. Kiswahili kinasema vivyo hivyo: amewataka ninyi, nimekuombea wewe. Hatari ni ya wote, ombi ni la mmoja. Yohana 3:7 nayo: “nilikuambia” ni Nikodemo, “hamna budi” ni watu wote. New King James ya 1982, iliyoiweka Biblia hiyo katika Kiingereza cha sasa, ilisahihisha “prevent” na “conversation”, lakini ikaweka “you” kila mahali, na tofauti hiyo ikapotea. Hiyo ni hasara kubwa. Wapo pia wanaodhani “thou” ni neno la heshima kwa kuwa hutumika katika sala. Katika Uingereza ya enzi zile mkubwa alimwita mdogo wake “thou”, na mdogo akamjibu “you”. Ndani ya Biblia hiyo yenyewe linaonyesha umoja tu, awe Mungu au mtumwa.

Kwa hiyo kwa kusoma na kulinganisha, Biblia ya 1611 ibaki. Kwa kutafsiri papo hapo, hapana. Mkalimani aombe mistari mapema, hata nusu saa kabla ya ibada. Mstari ukitajwa asiutafsiri, ausome kutoka Biblia ya Kiswahili, kisha aendelee na maelezo. Tatizo hutokea mhubiri mwenyewe anapokuwa amejenga somo lake juu ya maana ya leo: mkalimani anasoma “mwenendo”, mhubiri anaeleza mazungumzo dakika kumi, na watu wanabaki wanatazamana. Kupata mistari mapema kunampa nafasi ya kumnong’oneza. Kamusi ndogo haitamsaidia, maana inaanza na maana ya leo na mara nyingi inaishia hapo. Atafute yenye kuonyesha maana kwa miaka, kama Oxford English Dictionary, iliyoanza kuchapishwa sehemu sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928.

Nasi tuwe waangalifu na Kiswahili chetu. Katika Marko 6:25 binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana “by and by in a charger”. “By and by” leo ni baadaye kidogo. Pale ni mara moja. “Charger” ni sahani kubwa ya kupakulia. Revised Version ya 1881, marekebisho ya King James, ilirekebisha la kwanza na kuacha la pili. Union Version ya 1952 inasema “sasa hivi katika kombe”, nayo ni sahihi kabisa, ila kijana anayesikia “kombe” anaona lile la fedha wanaloinua washindi wa ligi. Mkalimani akishasoma “kombe”, aongeze “yaani sinia”, halafu aendelee.