Sijauliza kuimba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna jambo limenikaa moyoni kama wiki tatu sasa, nimeona niliandike maana najua siko peke yangu.

Mimi ni katibu wa kwaya kanisani kwetu hapa Dar, niko kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, niko jumuiya, niko kikoba cha kina mama, na kila kimoja kina grupu lake la WhatsApp. Biblia yangu nayo nilikuwa naisomea kwenye simu hiyohiyo. Naamka saa kumi na moja alfajiri nisali na kusoma Neno kabla watoto hawajaamka. Sasa siku hiyo nimeshika simu nifungue Nehemia, nakuta meseji, mwimbaji mwenzetu anauliza vitenge vya sare vimebaki vingapi, nikasema ngoja nimjibu fasta si ni kazi ya Mungu hii, kumjibu tu naona mtu katuma mchango wa harusi, nikakopi ile orodha ndefu niongeze jina lake, mwingine akalalamika karukwa, nikarekebisha, nikatuma tena... nilichokuja kushtukia ni mume wangu anamwaga maji bafuni, saa kumi na mbili kasoro, sijasoma hata mstari.

Jioni yake mama akapiga toka Iringa. Mama ana swali lake moja la kuanzia kabla hata ya kuulizia wajukuu, "mwanangu, unasali?" Nikamwambia ndiyo mama, wiki hii tuna mazoezi kila siku na Jumapili tunaimba ibada zote mbili. Akakaa kimya kidogo akasema, "Sijauliza kuimba."

Usiku ule sikulala vizuri jamani.

Kesho yake ndo nikasoma Nehemia sura ya 6, na nimeisoma tangu utotoni ila safari hii ilikuwa kama sijawahi kuiona. Yule baba Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi kule Shushani, akaomba ruhusa akaenda Yerusalemu kujenga ukuta. Ukuta umebaki milango tu, maadui zake Sanbalati na Geshemu wanamtumia ujumbe, njoo tukutane kwenye vijiji vya tambarare ya Ono. Kikao tu, njoo tuongee. Ono ni mbali, kama kilomita 40 hivi toka Yerusalemu, kwenda na kurudi ni siku kadhaa za kazi zimeliwa, na wale walikuwa wamepanga kumdhuru. Akawajibu nina kazi kubwa siwezi kushuka. Wakatuma tena. Biblia inasema walituma mara 4 na yeye akawajibu vilevile mara zote 4. Hakutafuta jibu jipya, hakuomba radhi kwa maelezo marefu kama tunavyofanya sisi. Mara ya 5 wakaja na barua ya wazi yenye umbea kwamba anataka kujifanya mfalme, akaukana kwa maneno machache, akaomba sala fupi mno, Mungu unitie nguvu mikono yangu, akaendelea.

Ila lililonigusa zaidi ni Shemaya. Huyu ni mtu wa unabii kabisa, anamwambia twende tujifungie hekaluni wanakuja kukuua usiku. Hekaluni! Na kumbe alikuwa amelipwa na Sanbalati na adui mwingine, Tobia. Yaani kilichokaribia kumtoa Nehemia kwenye kazi yake kilikuja na lugha ya kiroho na kikamwelekeza nyumba ya Mungu.

Ndo maana mimi sikubaliani sana na mahubiri ya kwamba simu ni shetani. Tunafunga mwanzo wa mwaka, tunazima data siku kadhaa, mfungo ukiisha tunarudi palepale tena kwa njaa zaidi. Mimi shida yangu sio simu wala tamthilia, wala sina marafiki wa kunivuta kwenye starehe. Nilichukuliwa na vitu vizuri. Hata Martha kwenye Luka 10 hakuwa anafanya ubaya wowote, alikuwa anamhudumia Yesu mwenyewe nyumbani kwake, na ni huohuo utumishi ndo uliomhangaisha mpaka akamlalamikia Bwana kuhusu ndugu yake Mariamu. Dhambi tunaijua, ikija tunapambana nayo. Jambo jema likija linapita tu mlangoni hatulihoji, na likishaingia linakaa pale ambapo Mungu alikuwa anakaa, na wewe mwenyewe unajiona umeokoka vizuri tu maana kila siku uko kanisani.

Kwahiyo nimenunua saa ya kengele pale Kariakoo, simu inalala sebuleni, na nimerudia Biblia yangu ya kitabu ile niliyopewa kipaimara. Nikatangaza kwenye magrupu yote kwamba kabla ya saa moja asubuhi sipatikani. Mmoja wa kamati alikasirika, akasema harusi imekaribia mimi naleta mambo ya kujitenga. Iliniuma kweli maana nampenda na namheshimu. Juzi alfajiri akapiga mara 4, nimeikuta baadaye nikahesabu, nikamkumbuka Nehemia. Saa moja kamili nikampigia nikamsalimia, akaniambia alikuwa anauliza namba ya mtu wa maturubai ila ameshaipata.

Leo nimefika sura ya 8. Ukuta uliisha kwa siku 52, tarehe 25 ya mwezi Eluli, na Eluli ni mwezi wa 6 wa Wayahudi. Halafu tarehe 1 ya mwezi wa 7, yaani hata wiki haijaisha, watu wote wamekusanyika mbele ya lango la maji, wanaume na wanawake, kuhani Ezra anawasomea torati toka alfajiri mpaka adhuhuri, na alipokifungua tu kile kitabu wote wakasimama. Halafu wakalia. Nimeisoma mara mbili asubuhi hii kabla hakujakucha vizuri, watoto bado wamelala, na mimi pia nimelia.