Canton, Guangzhou na Unguja yetu

Nimezaliwa Mkunazini, Unguja, na huu ni mwaka wa sita naishi Guangzhou, kusini mwa China, nikiwasafirishia mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo. Kila msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ya hapa napigiwa simu: "Kaka, tumeshafika Canton, lakini dereva hatuelewi."

Siwalaumu. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1957 na kwa Kiingereza bado yanaitwa kwa jina hilo; hata tiketi ya ndege imeandikwa CAN. Ila Canton kwa asili si jina la mji huu. Wareno walilisikia jina la jimbo, Guangdong, wakaliandika Cantão, Waingereza wakalipokea na kuubandika mji. Wenyewe wanasema Guangzhou: ng ya ng'ombe, zh iliyo karibu na j yetu. Gwang'-jou. Mzungu anayeitamka hiyo zh kama z anahangaika. Ulimi wa Mswahili unaiweza.

Kwetu nako dunia inasema Zanzibar, sisi kisiwa chetu tunakiita Unguja. Mgeni akisema Zanzibar tunamkaribisha, tunampa chai, hatumsahihishi. Ukarimu huo naukumbuka sana, maana huku ukikosea toni moja tu muuza mboga anabaki anakutazama. Lakini naona jina letu tumeliachia kirahisi mno.

Kinachonigusa zaidi ni treni za chini ya ardhi. Vituo vinatangazwa kwa Kimandarini, lugha rasmi ya China, kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa hapa, na kwa Kiingereza. Bibi mmoja jirani yangu hapa mtaa wa Xiaobei anauita mji wake kwa Kikantoni, kitu kama Gwong'-jau. Wajukuu zake wanautaja kwa Kimandarini, kama walivyofundishwa shule. Mimi hilo halikunipata. Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mama yangu anakosea kusema. Mpemba anaijua hali hiyo, na mtu wa Lamu, na wa Mvita. Nilisoma nao, nikacheka matamshi yao, na leo naona haya.

Juzi nilijaribu kuutaja mji mbele ya bibi kama anavyoutaja yeye. Alinirekebisha mara tatu, kisha akaniuliza kwetu wapi. Zamani ningemjibu Zanzibar. Nikamwambia Unguja, naye akarudia taratibu, tena na tena, mpaka akalipata.