Hakikupasuka kitu
Asante mwandishi, ila hapo uliposema ulimwengu mchanga "ulipasuka" ulipopoa, umeteleza. Mwaka 1976 mwanafizikia Tom Kibble alieleza kwamba ulimwengu ulipopoa, kila sehemu ilijichagulia mwelekeo wa mpangilio wake, maana hata mwanga ulikuwa haujawahi kufika upande wa pili kupeleka habari. Zilipokutana hazikulandana, kasoro ikabaki hapo, nyingine nyembamba kama uzi. Sisi tuliokulia kando ya mashamba ya chumvi Bagamoyo hili si geni: maji yakikauka polepole punje huwa kubwa, yakikauka haraka, ni vipunje tele na mipaka tele baina yake. Mwanafizikia Wojciech Zurek naye mwaka 1985 akasema ukiipoza haraka heliamu ya kimiminika hadi itiririke bila msuguano, kasoro za namna hiyo huzidi. Heliamu walau imejaribiwa maabara. Zile kasoro za Kibble zenye umbo la nyuzi bado hazijaonekana angani, na mjomba kila siku ananiuliza nazitafutia nini!